Kwa nini kikosi cha vifaru cha Calgary kinaadhimisha siku kilipopigwa?

#1 Msafiri wa Alberta
Habari zenu wakuu. Nina swali, na najua humu wamo watu wa historia ya kijeshi.

Mpwa wangu yuko Calgary, Canada. Ana makazi ya kudumu, uraia bado. Toka Novemba 2022 Canada ilifungua mlango wa jeshi kwa watu kama yeye, naye kajiunga na jeshi la akiba. Mchana ni fundi umeme, jioni moja kwa wiki na baadhi ya wikiendi anavaa kombati na bereti nyeusi anaenda Mewata Armoury, jengo la zamani lenye minara kama ngome. Kikosi chake kinaitwa King's Own Calgary Regiment, rejimenti ya deraya. Wenyewe wanajiita Calgary Tanks.

Sasa, siku kubwa ya kikosi ni 19 Agosti. Mimi nikadhani siku hiyo waliteka mji. Nikasoma kidogo, kumbe 19 Agosti 1942 walishushwa Dieppe, Ufaransa, wakapigwa vibaya. Hakuna kifaru hata kimoja kilichokanyaga ule ufukwe kikarudi Uingereza. Kamanda wao, Luteni Kanali Johnny Andrews, aliuawa. Na neno Dieppe limedariziwa kwenye bendera ya rejimenti!

Hawa watu baadaye walipigana Sicily, wakapanda Italia, wakafika Cassino, wakamalizia vita Uholanzi. Siku za ushindi wanazo. Kwa nini wameng'ang'ania siku ya kipigo?

#2 Chai ya Rangi
Natia nanga hapa. Wajuvi njooni.

#3 Brigedia wa Kibanda
Jibu ni jepesi. Hivyo vikosi vya vifaru vyote asili yake ni wapanda farasi wa Kiingereza, mabwana wakubwa wenye mashamba. Kwao kufa vizuri ni heshima kuliko kushinda vibaya. Wakabadilishiwa farasi wakapewa vifaru, akili ikabaki ileile. Halafu Dieppe hakukuwa na vita ya vifaru. Ufukwe ule ni mawe matupu, vifaru vyote vilikwama kwenye mawe, Mjerumani akawa anawalenga tu. Kesi imefungwa.

#4 Nondo Mwitu
Brigedia, fungua hiyo kesi.

Calgary hawakuwahi kuwa wapanda farasi. Walianzishwa 1910 kama 103rd Regiment, Calgary Rifles, askari wa miguu. Vita ya Kwanza wanarithi historia ya Bataliani ya 50, ambayo nayo ni ya miguu. Ndiko alikotoka Private John Pattison aliyepata Victoria Cross, nishani ya juu kabisa ya ushujaa, kule Vimy, Ufaransa, Aprili 1917, kisha akauawa Juni mwaka huohuo. Leo kuna daraja Calgary lina jina lake. Mwaka 1924 rejimenti iligawanywa mbili, upande mmoja ukawa Calgary Highlanders wale wa sketi za Kiskoti, upande wa pili ndio hawa. Vifaru walipewa 1936, tena kwa karatasi. Jina likabadilika kuwa la vifaru, ila vifaru vyenyewe hawakuwa navyo.

Canada nzima ilikuwa na vigari vichache vya kujifunzia. Mpaka 1940 ofisa anaitwa Frank Worthington aliona vifaru vya Marekani vya enzi ya Vita ya Kwanza vimelala vinashika kutu. Marekani ilikuwa bado haijaingia vitani, kwa hiyo haikuweza kumuuzia silaha nchi iliyo vitani. Wakaviuza kama chuma chakavu, zaidi ya 200, vikapelekwa kambi ya Borden, Ontario. Ndivyo vilivyowafundisha watu kuendesha.

#5 Chai ya Rangi
Jeshi linanunua vifaru kwa bei ya skrepa! Hapo Gerezani wangewapigia bei zaidi.

#6 Brigedia wa Kibanda
Sawa, farasi hawakuwepo. Mawe je? Mawe yalikuwepo. Bisha na hilo.

#7 Fundi Cheni
Kwenye mawe naomba niseme, maana ndiyo kazi yangu. Natengeneza mabuldoza mgodini huku Kanda ya Ziwa.

Cheni haiogopi mwamba mkubwa. Mwamba mkubwa inaupanda. Cheni inaogopa jiwe la saizi ya ngumi, gumu, la mviringo. Lile linaviringika, linapanda na cheni mpaka kwenye gia ya nyuma, linakaa katikati ya jino na kiungo. Gia ikisukuma, jiwe halipasuki, na hapo lazima kitu kingine kikubali: ama pini ikatike, ama cheni itoke kwenye reli yake. Ukiwa unaenda moja kwa moja taratibu unaweza ukapona. Ukikata kona ndiyo unaumia, maana upande mmoja unachimba, na ukichimba unazidi kuyala yale mawe. Nimeshawahi kukesha na nyundo ya kilo saba naligonga jiwe moja, na hapo hakuna mtu anayenipiga risasi.

Kifaru cha Churchill, walichokuwa nacho Calgary pale, kilikuwa na tani karibu 40. Mtu amekata kona kwenye kokoto za ufukweni na uzito huo, kazi anayo.

#8 Nondo Mwitu
Fundi, bandiko lako la kutunza. Kokoto za Dieppe ni hizohizo, jiwe gumu sana la jamii ya gumegume. Na walikuwa wamefanya mazoezi Juni 1942 huko West Bay, Dorset, ufukwe ambao kokoto zake ni ndogo.

Ila Brigedia anasema VYOTE vilikwama, na hilo si kweli. Hesabu inayotumika ni hii: vifaru 29 vilitoka kwenye meli za kuteremshia, 2 vikazama, 27 vikafika nchi kavu. Baadhi ndiyo vilikatika cheni palepale. Lakini karibu 15 vilipanda ule ukuta wa bahari vikaingia kwenye uwanja mpana mbele ya mji. Tatizo lilianzia hapo. Kila mtaa unaoingia mjini ulikuwa umezibwa kwa zege nene. Kazi ya kulipua hizo zege ilikuwa ya mahandisi wa medani, na mahandisi walikuwa wanavuka ufukwe kwa miguu na mabegi ya baruti mgongoni. Wengi waliuawa au kujeruhiwa kabla hawajazifikia. Kwa hiyo vifaru vikawa vinazunguka kwenye ule uwanja, vinapiga risasi kwenye madirisha ya mahoteli, mpaka amri ya kurudi ufukweni ikatoka.

Ile ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa Churchill kuingia vitani duniani. Vitatu vilifungwa mitambo ya kurusha moto, majina yake Bull, Boar na Beetle. Hakuna hata kimoja kilichofanya kazi iliyokipeleka.

#9 Brigedia wa Kibanda
15 kati ya 27 vimezunguka uwanjani havina pa kwenda. Mimi naita kukwama. Hoja yangu iko palepale.

#10 Bi Mwanaidi wa Ngamiani
Hamjambo wanangu. Mnabishana mawe na cheni. Mimi nauliza, nani alizituma roho za watu pale, na kwa sababu gani? Wanajeshi wa Canada karibu 5,000, waliokufa zaidi ya 900, waliotekwa karibu 1,950, kazi ya asubuhi moja. Mkijua sababu ya kutumwa ndipo mtajua kwa nini wanakumbuka.

#11 Mwana wa Mnazi Mmoja
Shikamoo Bi Mwanaidi. Sababu inayofundishwa ni kwamba Dieppe ilikuwa jaribio. Walijifunza kwamba huwezi kuvamia bandari kwa mbele, unahitaji mabomu mazito ya meli na ndege kwanza, na vifaru maalumu vya kubomoa vizuizi. Juni 1944, walipovamia Normandy, hawakugusa bandari, walikuja na bandari zao za kuunganisha. Mountbatten mwenyewe, Mwingereza aliyekuwa mkuu wa operesheni hizo za kuvamia pwani, alishikilia hoja hiyo mpaka uzeeni. Kwa hiyo Calgary wanaadhimisha somo lililookoa maelfu.

#12 Mzee Kipara
Mwana wa Mnazi Mmoja, hilo "somo" lilitengenezwa baada ya maziko. Kuna mtu alihitaji kufiwa na watu 900 ili ajue kwamba ukuta wa zege unazuia kifaru?

Tazama mfuatano. Mpango wa kwanza uliitwa Rutter, ulikuwa wa Julai 1942. Hali ya hewa ikawa mbaya, meli zikashambuliwa kwa ndege, ukafutwa. Askari wakashushwa melini, wakarudi kambini, wakasimulia. Mwezi haujaisha mpango uleule ukafufuliwa kwa jina jipya, Jubilee, mahali palepale. Jenerali Montgomery wa Uingereza alishauri wasirudie. Mashambulizi mazito ya ndege kabla ya kushuka yakaondolewa. Wapo wanahistoria wanaosema Mountbatten hakuwahi hata kupata idhini kamili. Mimi naona mtu alitaka sifa, basi.

#13 Mwana wa Mnazi Mmoja
Usisahau Stalin. 1942 Mrusi anabeba vita peke yake, kila siku anadai Uingereza ifungue upande wa pili. Churchill alikuwa Moscow Agosti hiyohiyo, siku chache kabla ya Dieppe. Na Wakanada wenyewe walikuwa wamekaa Uingereza miaka miwili bila vita, majenerali wao wanaomba kazi.

#14 Kidude cha Siri
Wote mmegusa pembeni. Mwanahistoria wa Canada David O'Keefe alichimba nyaraka zilizofunguliwa miaka ya karibuni, akaja na hoja kwamba chini ya uvamizi wote kulikuwa na kikosi kidogo cha makomando kilichotumwa kuiba mashine ya Enigma (ya Wajerumani ya kuandikia ujumbe wa siri) na vitabu vya siri kwenye ofisi za jeshi la majini la Ujerumani pale bandarini. Wajerumani walikuwa wameongeza gurudumu la nne kwenye mashine za nyambizi mwanzoni mwa 1942, Waingereza wakawa vipofu Atlantiki. Yule Ian Fleming wa James Bond alikuwa ofisa wa ujasusi wa majini, naye alikuwa kwenye meli nje ya Dieppe siku hiyo.

Vifaru vya Calgary kazi yake ilikuwa kufungua njia.

#15 Mzee Kipara
Kikosi hicho cha wizi kilikuwepo, sikatai. Lakini kila uvamizi enzi hizo ulibeba wezi wake wa nyaraka. Pourville, kilomita chache kutoka hapo, mtaalamu wa rada aliitwa Jack Nissenthall alipelekwa akachunguze kituo cha rada, na walinzi wake walikuwa na amri asitekwe akiwa hai. Je, tuseme uvamizi wote ulikuwa wa rada? Mtu akiingia sokoni kununua mchele akarudi na pilipili pia, usiseme alifuata pilipili.

#16 Kidude cha Siri
Inategemea alienda na pochi ya nani.

#17 Chai ya Rangi
😂😂 Kidude umeua.

#18 Mjukuu wa Mngoni
Mleta mada anashangaa mtu kuadhimisha kipigo. Mkuu, wewe si Mtanzania? Kila mwaka 27 Februari Songea watu wanakusanyika kwenye makumbusho ya Majimaji. Siku hiyo mwaka 1906 Wajerumani waliwanyonga mashujaa wetu, wakazikwa pamoja. Hakuna anayekuja pale kusherehekea ushindi. Watu wanakuja kwa sababu wazee wao wamelala pale. Nimepelekwa na babu nikiwa mdogo, nikaonyeshwa jina la ukoo wetu, hakuna hotuba iliyonikaa kichwani zaidi ya kile kidole cha babu kwenye lile jina.

Kwa hiyo si "mambo ya wazungu".

#19 Brigedia wa Kibanda
Hapana, hapo umechanganya. Majimaji walikuwa wanalinda kwao. Hawa wa Calgary walivuka bahari kwenda kupiga mji wa Kifaransa. Huwezi kulinganisha.

#20 Mjukuu wa Mngoni
Aliyezikwa halingani na nani? Nimezungumzia wanaokuja kaburini, sikuzungumzia sababu ya vita.

#21 Otieno wa Kericho
Salamu kutoka upande wa Kenya. Mimi naona mmeruka jambo moja: hii ni rejimenti ya AKIBA. Jeshi la kudumu linachanganya watu kutoka nchi nzima. Rejimenti ya akiba ni ya mji mmoja. Hawa walipoitwa vitani Februari 1941 waliandikishwa Calgary na vijiji vya kandokando, Olds, Red Deer, High River, wachunga ng'ombe na makarani wa benki. Ikiwa kikosi kama hicho kinapotea asubuhi moja, simu za maandishi zinaingia mitaa ileile wiki ileile. Jirani na jirani. Mji hausahau.

Hata sisi baada ya kambi yetu ya El Adde, Somalia, kushambuliwa Januari 2016, ibada ya kitaifa ilifanyika Eldoret kambini Moi Barracks kwa sababu kikosi kilikuwa cha pale. Eldoret ililia kwa namna ambayo Nairobi haikuweza.

#22 Mzee Kipara
Na hao wa El Adde mpaka leo idadi yao serikali...

#23 Msimamizi
El Adde ina uzi wake. Hapa tubaki Calgary. Mabandiko matatu yamehamishwa.

#24 Nondo Mwitu
Otieno ana hoja nzuri ila ngoja niirekebishe kidogo. Waliokufa wa Calgary siku ile walikuwa wachache ukilinganisha na vikosi vya miguu. Nenda Puys, ufukwe wa mashariki, Royal Regiment of Canada ya Toronto ilipoteza watu zaidi ya 200 chini ya ukuta mmoja. Watu wa kwenye vifaru chuma kiliwalinda. Kilichowapata ni kutekwa. Vifaru vilirudi ufukweni vikajipanga vikiendelea kupiga ili askari wa miguu wapate kupanda mashua. Mashua zikaondoka. Wao wakabaki ndani mpaka risasi zikaisha.

Kwa hiyo kwa familia nyingi za Calgary Dieppe ilidumu zaidi ya asubuhi moja. Iliendelea mpaka 1945. Jeshi la Canada lilipoteza mateka wengi zaidi Dieppe kuliko katika miezi yote 11 ya vita vya Ulaya kaskazini 1944 na 1945. Na maisha yenyewe ya kambini yalikuwa na pingu. Brigedia Southam alishuka ufukweni na nakala ya mpango wa uvamizi, Wajerumani wakaipata, wakakuta humo maelekezo ya kuwafunga mateka mikono. Wakalipiza. Kuanzia Oktoba 1942 mateka wa Dieppe walifungwa mikono, mwanzo kwa kamba, baadaye kwa minyororo, mpaka Novemba 1943.

#25 Bi Mwanaidi wa Ngamiani
Mwaka mzima na pingu! Walikula vipi, walijisitiri vipi?

#26 Nondo Mwitu
Bi Mwanaidi, wakishagundua kwamba ule ufunguo wa kufungulia kopo la sadini kwenye vifurushi vya Msalaba Mwekundu unafungua pia pingu, mambo yalilegea. Walinzi wakipita wanajifunga, wakiondoka wanajifungua. Mwishoni hata walinzi walichoka, pingu zinagawiwa asubuhi zinakusanywa jioni kama vyombo vya shule.

#27 Chai ya Rangi
Wabongo tungekuwa tumeshaanza kuuza funguo.

#28 Mtaa wa Leicester
Habari wakuu, huku Uingereza tunayo kinyume chake. Kuna kikosi cha akiba kinaitwa Pembroke Yeomanry, hawa Brigedia ndio wapanda farasi wenye mashamba uliokuwa unawatafuta. Februari 1797 Wafaransa kama 1,400 walishuka Fishguard, Wales. Wengi wao wafungwa walioachiwa kutoka jela. Wakakuta mvinyo kwenye nyumba za watu, wakalewa. Siku mbili tu wakajisalimisha, vita yenyewe karibu haikuwepo. Mwaka 1853 Malkia Victoria akawapa hao jamaa heshima ya vita yenye jina Fishguard, heshima pekee ya aina hiyo kwa kikosi cha Uingereza kupigana ndani ya ardhi ya Uingereza bara.

Masimulizi ya huko yanasema mwanamke mmoja, Jemima Nicholas, aliwakamata Wafaransa 12 na uma wa kugeuzia nyasi.

Siku hizi vikosi vingi vya aina hiyo vimebadilishiwa kazi. Walio kwenye vifaru vya kweli ni Royal Wessex Yeomanry tu, kazi yao ni kujazia wafanyakazi wa vifaru vya Challenger 2.

#29 Bi Mwanaidi wa Ngamiani
Heshima wamepewa wenye farasi. Jemima kapewa nini?

#30 Mtaa wa Leicester
Pensheni na kaburi zuri, Bi Mwanaidi.

#31 Balozi wa Lubumbashi
Bonjour bandugu. Mimi niko Winnipeg, kwa Fort Garry Horse. Hawa wako na historia ingine. Walianza 1912 na farasi kweli. Novemba 1917, Cambrai, Luteni Harcus Strachan alivuka mfereji na kikosi kimoja cha farasi, akashambulia mizinga ya Wajerumani, akapata Victoria Cross. Vita ya Pili walikuwa kwa Juno Beach, Normandy, tarehe 6 Juni 1944 na vifaru vya kuogelea, vile vya Sherman vyenye turubai inainuliwa kuzunguka. Kwa hiyo wao wako na siku mbili nzuri za kuchagua.

Maoni yangu: Calgary hawakuchagua Dieppe juu ya huzuni. Walichagua juu ya watu kuijua. Ukisema Normandy kila mtu anajua. Ukisema Dieppe, Mkanada anajua. Ukisema Gari, nani anajua? Calgary walipelekwa Italia, na Italia walisahauliwa wote. Roma ilianguka tarehe 4 Juni 1944, siku mbili baadaye magazeti yote yakaandika Normandy.

#32 Mwana wa Mnazi Mmoja
Hii ndiyo hoja iliyoniingia zaidi mpaka sasa. Gari ni nini?

#33 Nondo Mwitu
Mto, chini ya Cassino. Mei 1944. Calgary walikuwa wanasaidia Divisheni ya 8 ya India kuvuka. Mto si mpana ila unakwenda kasi, kingo zimesimama, na upande wa pili Mjerumani anaona kila kitu. Mahandisi wakijenga daraja la Bailey (la vyuma vya kuunganisha) la kawaida wanauawa wakiwa wamesimama. Basi Kapteni Tony Kingsmill, mhandisi wa mitambo aliyekuwa na Calgary, akafikiri: daraja lijengwe kamili nyuma, kisha libebwe. Wakakata kichwa cha Sherman moja, wakaweka magurudumu ya kuviringisha juu yake, wakalaza daraja zima juu. Kifaru cha pili kikashika nyuma. Vikaenda hivyo mpaka ukingoni, cha mbele kikatumbukia mtoni makusudi, cha nyuma kikasukuma mpaka ncha ya daraja ikagusa ng'ambo.

#34 Fundi Cheni
Subirini. Dereva wa kile cha mbele anaingia mtoni huku daraja liko kichwani kwake?

#35 Nondo Mwitu
Ndiyo, na akatoka hai. Vifaru kadhaa vikavuka kabla daraja halijaharibiwa na mizinga. Kingsmill akapewa nishani ya Military Cross.

#36 Fundi Cheni
Huyo dereva ndiye angepewa bendera nzima. Mimi ningeweka siku yangu hiyo, ningeitupa Dieppe. Hapo kuna akili ya karakana, siyo ya ofisini. Na nyuma lazima kulikuwa na mtu anatoa ishara kwa mkono, maana yule anayesukuma haoni kitu, mbele yake kuna mabati ya daraja tu.

#37 Msafiri wa Alberta
Asanteni wakuu, uzi umenoga. Nimeongea na kijana jana. Anasema habari ya Kingsmill walifundishwa, na kila mtu anaipenda. Lakini 19 Agosti ndiyo siku wanaposimama na familia za wale wazee. Anasema wajukuu wanakuja na medali wamezivaa upande wa kulia kwa sababu si zao. Yeye mwenyewe alipewa ashike shada la maua. Aliniambia aliona aibu kidogo, mtoto wa Kigoma kashika shada la watu wa Olds. Sajini wake akamwambia babu zao nao walikuwa wahamiaji.

Kuhusu makaburi, mwenzake aliwahi kufika makaburi ya Wakanada Hautot-sur-Mer nje ya Dieppe. Mawe ya vichwa yamewekwa mgongo kwa mgongo, safu mbili mbili. Makaburi ya Jumuiya ya Madola hayakai hivyo. Waliowazika ni Wajerumani, mpangilio ukaachwa.

#38 Otieno wa Kericho
Hapo kwenye sajini kumbe mmenipa ushahidi. Kikosi cha mji. Mji ukibadilika, kikosi kinabadilika, siku inabaki.

#39 Mzee Kipara
Au tuseme siku inasaidia kuandikisha. Ushindi unamtosheleza mtu, deni linamleta kambini Jumanne usiku kwenye baridi ya nyuzi 25 chini ya sifuri. Wakubwa wa majeshi wanalijua hilo.

#40 Brigedia wa Kibanda
Kipara kila kitu kwako ni njama. Mnaijua habari ya keki? Jenerali Roberts, Mkanada aliyeongoza Dieppe, aliwaambia askari kazi itakuwa laini kama keki. Baada ya vita, kila 19 Agosti mtu asiyejulikana alimtumia kipande cha keki kavu kwa posta mpaka anakufa.

#41 Nondo Mwitu
Hiyo ni hadithi ya kijiweni, inazunguka kila kitabu bila ya mwenyewe kuonekana. Kilicho hakika ni kwamba aliondolewa kwenye uongozi wa divisheni 1943, akapelekwa kusimamia vituo vya askari wa kujazia. Mountbatten alipandishwa cheo.

#42 Brigedia wa Kibanda
Unapenda kuharibu utamu wewe.

#43 Kidude cha Siri
Kumbukeni pia Dieppe ilikombolewa 1 Septemba 1944, na walioingia ni Divisheni ya 2 ya Canada, ileile iliyopigwa. Siku mbili baadaye wakafanya gwaride mjini. Divisheni ilirudi kudai. Calgary hawakuwepo, walikuwa Italia. Labda ndiyo maana bado wanadai.

#44 Mwana wa Mnazi Mmoja
Kidude leo umeongea bila Enigma, tuweke tarehe.

#45 Mjukuu wa Mngoni
Fundi Cheni kwa kuwa unapenda madaraja: Desemba 1944, Kalewa, Burma, mto Chindwin. Daraja la Bailey la kuelea, futi 1,154, refu kuliko lolote la Bailey duniani wakati ule. Waliosafisha njia mpaka pale kupitia bonde la Kabaw, kwenye mvua na malaria, ni Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Keya, yaani King's African Rifles. Babu zetu. Bataliani ya 26 na ya 36 zilikuwa za Tanganyika. Nani humu anajua siku yao?

#46 Otieno wa Kericho
Bataliani ya 11 ilikuwa ya Kenya. Mjomba wa baba alikuwemo. Alirudi na koti moja na ugonjwa wa kutetemeka. Siku yake hatuna.

#47 Bi Mwanaidi wa Ngamiani
Baba yangu alikuwa Keya. Kitabu chake cha jeshi ninacho ndani ya kasha, karatasi zimeanza kuliwa na mchwa, mihuri inasomeka. Nyie wenye kujua, nifanyeje nijue alipita wapi?

#48 Nondo Mwitu
Bi Mwanaidi, usikikunjue kwa nguvu. Kwanza kitoe kwenye kasha kiwekwe pakavu. Kurasa za mwanzo zina namba yake ya askari, na mahali pameandikwa bataliani. Zipige picha mchana karibu na dirisha, bila flashi, halafu namba yake izibe kwa kidole kabla hujaweka hapa. Bataliani peke yake inatosha tuanze.

#49 Bi Mwanaidi wa Ngamiani
Mjukuu akirudi shule anapiga. Pameandikwa 36.

#50 Mjukuu wa Mngoni
Bi Mwanaidi, 36? Fungua uzi mpya, mimi nakuja na ramani ya Kabaw.